Barua za Kumweka Hai Mzee wa Mfuko

Nianze na aibu yangu, ili nyie vijana mcheke mapema tupate kuendelea. Kwa muda wa mwaka mmoja na nusu, mimi, mtu mzima mwenye mke, watoto wanne na cheti cha shule ya jioni, niliamini kwa moyo wote kwamba yule tajiri wa Ulaya aliyeanzisha Mfuko wetu anaishi kwa barua. Si kwa chakula, si kwa dawa. Kwa barua za shukrani. Niliamini kwamba madaktari wa kwao walishamkatia tamaa, halafu wakagundua kuwa kila akisomewa barua ya mtoto aliyesaidiwa, moyo wake unapata nguvu ya siku moja. Barua moja, siku moja. Barua zikikatika, Mzee naye anakatika, Mfuko unafungwa, na sisi wote tunarudi kulima mihogo.

Habari hiyo niliipata kwa Ramadhani, dereva wetu, tukiwa tumelala chali chini ya gari katikati ya mbuga ya Katavi, yeye akifunga nati, mimi nikimshikia spana, na mbung'o wakitula kama wamealikwa.

"Rama, we unatania," nikamwambia.

"Nitanie na uhai wa mtu? Hebu fikiri mwenyewe. Shule zikikosa madawati, makao makuu wanakaa kimya mwezi mzima. Barua zikichelewa wiki moja, simu ya ofisini inalia mpaka inapata joto. Kwa nini?"

Nikafikiri mwenyewe. Hilo ndilo lilikuwa kosa.

"Lakini usimwambie mtu," akaongeza. "Ni siri ya wakubwa."

Nikaapa, spana mkononi.

Sasa niwaeleze Mfuko wenyewe, maana najua wengi wenu mlikuwa hamjazaliwa. Ilikuwa miaka ya tisini. Siku hizo Katavi lilikuwa jina la mbuga tu. Sisi wa Mpanda tulihesabiwa mkoa wa Rukwa. Mfuko ulikuwa na jina refu kuliko treni ya mizigo, kwa hiyo tuliuita Mfuko, basi. Ulisomesha watoto sekondari. Uligawa masanduku ya sayansi kwenye shule: sumaku, lenzi, mirija ya kioo, hata mifupa ya plastiki ambayo bibi mmoja wa Kasokola alitaka izikwe kwa heshima. Ulinunulia vikundi ngoma na rangi za kuchorea. Ulichimba visima. Ofisi yetu ilikuwa na vyumba viwili mjini, na mimi nilikuwa mtu wa baiskeli: napeleka vitu vijijini, narudi na barua. Kwa kule mbali, kama Kasansa, nilipanda gari la Rama. Kwingine kote nilinyonga pedali. Nilikuwa na mbio, jamani. Nikitoka mjini kwenda Kabungu, kivuli changu kilikuwa kinafika kesho yake.

Mkuu wetu alikuwa mwanamke mmoja mwalimu mstaafu, Mwalimu Fausta. Mfupi, mkavu wa maneno, miwani puani. Kila nilichokijua kwenye kazi ile, yeye ndiye alinifundisha, na ninamshukuru kila nikiamka. Safari yangu ya kwanza nilipeleka mirija ya kioo Kabungu nikiwa nimeifunga nyuma ya baiskeli kwa mpira, kama kuni. Nilifika na unga. Mwalimu mkuu wa pale akafungua sanduku, akachungulia, akaniuliza kwa upole, "Hii sayansi inasongwa au inakorogwa?" Nilirudi ofisini nikisubiri kufukuzwa. Mwalimu Fausta akanipeleka kwenye mashine ya kukobolea mpunga, akajaza pumba kwenye sanduku, akalaza mirija humo mmoja mmoja. "Kioo unakilaza kama mtoto mgonjwa," alisema. "Na usikimbie." Tangu siku hiyo sikuvunja hata mmoja. Haya, labda mmoja. Nyie mnaosafirisha kompyuta leo, pumba za mpunga bado zipo, na hazina gharama.

Jingine alilonifundisha: ukifika kijijini usiulize "mnahitaji nini?" Ukiuliza hivyo utaambiwa lami na ndege. Uliza, "Wiki hii mmekwama wapi?" Hapo utaambiwa kamba ya kisima imekatika.

Turudi kwenye barua. Baada ya kuambiwa ile siri, nilikaa na kalamu. Wanafunzi tuliowasomesha walikuwa mia mbili. Kila mmoja alitakiwa aandike barua moja kwa mwaka. Mwaka una siku mia tatu sitini na tano. Nyie mna simu zinazokokotoa. Mimi nilitumia vidole na hofu. Upungufu ukawa siku mia moja sitini na tano. Nikafuata kalenda ya ukutani kwa kidole kuanzia Januari, kidole kikagota katikati ya Julai. Yaani mzee wa watu atakufa Julai, na ofisi nzima imekaa inakunywa chai!

Mwaka uliopita alivukaje? Hilo swali sikujiuliza. Shule ya jioni ilinifundisha kutoa, haikunifundisha kushuku. Nilisoma nikiwa na ndevu, kwa mwalimu niliyemzidi miaka sita, na bado nilimwamkia shikamoo kwa sababu chaki ilikuwa mkononi mwake. Mtu aliyejifunza kusoma ukubwani anaheshimu sana maandishi. Kwangu mimi, kwamba barua inaweza kumponya mtu halikuwa jambo la ajabu hata kidogo.

Basi nikaingia kazini. Kwanza niliwaagiza wanafunzi wote wa njia yangu waandike mara mbili. Bado hazikutosha. Nikaanza kuwafuata watu wazima. Kasansa kulikuwa na mfugaji mmoja, Mzee Masanja, Msukuma aliyehamia na ng'ombe wake kutoka kaskazini. Nikamkuta asubuhi zizini.

"Mwangaluka, baba!"

"Mwangaluka."

"Baba, nimekuja na karatasi. Sema maneno ya shukrani, mimi nitaandika."

"Nashukuru nini?"

"Mfuko. Si unasomesha watoto?"

"Wangu wanachunga. Hakuna aliye shule."

"Basi shukuru kisima."

"Kisima kile nikisogeza ng'ombe nafukuzwa. Siku ile si na wewe ulikuwepo unafukuza?"

Nikaona nibadili njia. "Baba, kuna mzee mwenzio huko mbali anaumwa. Barua itamsaidia."

Akaacha kukamua. "Anaumwa nini?"

"Moyo."

"Ana ng'ombe wangapi?"

"Nadhani hana hata mmoja."

Mzee Masanja akashika kichwa kwa mikono miwili. "Hana hata mmoja! Sasa moyo utaachaje kuuma? Andika, mwanangu, andika!"

Akasema, nikaandika kurasa tatu. Alimtajia yule mgonjwa ng'ombe wake mmoja mmoja, rangi zao, tabia zao, na nani kazaa na nani. Humo ndani shukrani haikuwemo hata ya dawa, lakini kwa urefu wake niliihesabu kuwa siku mbili.

Kwa barua za namna hiyo tuliivuka Julai. Mimi nilikuwa natembea mjini kifua mbele kama daktari bingwa.

Lakini kulikuwa na jambo la pili, na hapa ndipo kicheko kinapoanza kupungua. Nilijiuliza: kama barua nzuri inaongeza siku, je, yenye huzuni? Si itapunguza?

Wanafunzi wa enzi zile waliandika kwa mtindo mmoja. Salamu nyingi kama mchanga wa ziwani, dhumuni la barua hii ni kutaka kujua hali yako, mimi ni mzima, hofu na mashaka ni kwako uliye mbali na upeo wa macho yangu. Ukurasa mzima ni heshima. Shida yenyewe wanaiweka chini kabisa, baada ya jina, kwenye sehemu waliyoiita Nyongeza. Kwa hiyo mimi nilinunua wembe na rula. Nikifika nyumbani kutoka safari, kabla ya kupeleka barua ofisini, nakata Nyongeza zote za huzuni. Vipande sikuvitupa. Mtu wa shule ya jioni hatupi maandishi. Niliviweka kwenye kopo la maziwa ya unga, juu ya kabati.

Kule Katumba, kwenye makazi ya watu waliokimbia Burundi zamani, kulikuwa na msichana aliyeitwa Spesioza. Katika darasa lake la msingi hakuna aliyemkaribia kwa alama. Mfuko ukamchukua, ukampeleka sekondari ya bweni hapa mjini. Mama yake alikuwa analima mihogo na maharage, na kila nikipita kwake na baiskeli ananisimamisha kwa viazi vya kuchoma.

"Karibu, muheshimiwa wa baiskeli. Mwanangu anaendeleaje huko?"

"Mama Spesioza, huyo anasoma mpaka walimu wanaomba likizo!"

Mama anacheka, ananiongeza kiazi. Mimi maksi zake nilikuwa sijazijua hata moja. Nilikuwa nimetia chumvi tu kama kawaida yangu, na nilishakata Nyongeza mbili za binti yake.

Sheria ya Mfuko ilikuwa wazi: mwanafunzi akishuka chini ya wastani mitihani miwili mfululizo, nafasi yake anapewa mwingine anayesubiri. Mwisho wa Novemba kamati ikakaa ofisini, watu watatu, Mwalimu Fausta akiwa kiti cha katikati. Mimi nilikuwa mlangoni na birika. Akasoma majina ya wanaotolewa. La tatu likawa la Spesioza.

Nikahisi birika limekuwa zito kama gunia.

"Mwalimu," nikasema, "huyo msimtoe."

"Kwa nini?"

"Haoni."

"Haoni nini?"

"Ubao. Haoni ubao."

Mwalimu Fausta akaweka kalamu chini. "Wewe umejuaje, Anatoli?"

"Aliandika."

Akafungua faili, akatoa barua mbili za Spesioza, akazigeuza huku na huku. "Hizi hapa. Salamu mwanzo mpaka mwisho." Akachukua barua ya mwanafunzi wa njia nyingine, akaiweka juu yake. "Halafu niambie na hili, limenisumbua mwaka mzima. Kwa nini karatasi za njia yako zote ni fupi? Za wenzako zinafika hapa. Zako zinaishia hapa, kama suruali ya mtu anayevuka mto. Na huyu mwenye ng'ombe wa Kasansa, tunamsomesha kidato cha ngapi?"

Wajumbe wa kamati wakacheka. Yeye hakucheka. Nikaweka birika chini, nikakimbia nyumbani. Nilikimbia kweli safari hii, siongezi. Nikarudi na lile kopo, nikalimimina mezani mbele yao.

Mwalimu Fausta akaanza kusoma vipande kwa sauti, kimoja kimoja. *Mwalimu wa hesabu hajaonekana tangu Pasaka. Kisima chetu kimeziba, tunachota mtoni. Sanduku la sayansi limefungiwa ofisini kwa mwalimu mkuu, hatujaligusa.* Halafu akakifikia cha Spesioza: *Nyongeza. Sioni ubao, nimewekwa nyuma kwa sababu mimi ni mrefu. Naomba mniambie nifanye nini.* Na kingine, cha miezi mitano baadaye, mwandiko uleule: *Nyongeza. Nilishawaandikia kuwa sioni ubao. Labda barua ilipotea. Bado nasubiri jibu lenu.*

Vijana, nimewahi kufukuzwa na kiboko kule mbugani mpaka nikapanda mti usio na matawi. Sikuogopa kama nilivyoogopa mbele ya meza ile.

"Kwa nini?" Mwalimu Fausta akauliza.

Siri ya wakubwa nilikuwa nimeiapia. Nikajibu, "Nilitaka zipendeze."

Akaniangalia juu ya miwani. "Keshokutwa kuna treni. Utampeleka Tabora kwa daktari wa macho, wewe, yeye na mama yake. Kazi yako tutaiongelea ukirudi." Halafu akawageukia wenzake, akawaomba wampe yule binti muda mpaka mitihani ya Juni tu. Akishindwa hiyo, nafasi yake inaondoka. Wakakubali.

Kumweleza Mama Spesioza ilikuwa kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya. Nilisimamisha baiskeli, nikakataa kiazi, nikasema yote. Mama aliendelea kupukuchua maharage. Mwishowe akasema, "Kumbe zile habari zote ulikuwa unatunga?"

"Ndiyo, mama."

"Mimi nilikuwa nawasimulia majirani."

Kesho yake alikuja stesheni na khanga safi na chakula cha watu watatu. Watatu, nasema. Na mimi alinihesabu.

Spesioza mwenyewe nilimwuliza ndani ya treni kwa nini hakumwambia mwalimu wa darasa. "Darasani ukisema huoni, wanakuita kipofu mpaka unamaliza shule," akajibu. "Mfuko mlituambia tuandike. Nikaandika. Nikawa nasubiri." Hakusema kwa hasira. Ningefurahi angesema kwa hasira.

Daktari alimpima, tukangoja, akapewa miwani mizito yenye fremu ya kahawia. Tukatoka nje. Akasimama barazani pa hospitali muda mrefu, anaangalia juu ya miti, mama yake kamshika mkono. Halafu akanigeukia, akanikazia macho.

"Mjomba Anatoli."

"Naam."

"Kumbe umezeeka hivi?"

Mama yake akacheka mpaka akakaa chini. Siku hiyo ndipo nilipojua kwamba nimesamehewa.

Niliporudi, Mwalimu Fausta hakunifukuza. Alinipa kazi mpya: nisome kila Nyongeza kabla ya kitu kingine chochote, niiandike kwenye daftari kubwa, na nisilifunge mpaka niandike pembeni nini kimefanyika. Kisima kilizibuliwa. Yule mwalimu mkuu alipewa barua ya kufungua sanduku la sayansi, nikaipeleka mwenyewe na nikasimama pale mpaka kufuli likafunguka. Kwa hiyo nyie mnaofanya kazi kwenye hizi asasi zenye fomu za kuweka tiki, nawaomba jambo moja tu: acheni nafasi chini ya fomu, na anzeni kusoma kutoka huko chini.

Juni ikafika, Spesioza akafanya mtihani. Ningependa kuwaambia aliongoza Tanzania nzima na redio ikamtangaza. Hapana. Alikuwa wa kumi na nne darasani. Alivuka mstari kwa nafasi ya kutosha, na siku matokeo yalipobandikwa aliyasoma akiwa amesimama nyuma ya wenzake wote, kutoka pale pale alipokuwa haoni kitu. Namshukuru Mungu, namshukuru daktari yule, namshukuru mama aliyenihesabia chakula.

Lakini furaha yangu ilikuwa nusu. Tangu lile kopo lilipomwagwa mezani, nilikuwa nimeacha kuwatafuta akina Masanja. Barua zilikuwa za wanafunzi peke yao, moja moja, na za huzuni zilikuwa zinaingia na huzuni yake yote. Kalenda ilikuwa ukutani. Katikati ya Julai nilivaa suti yangu nyeusi ya Kaunda, nikaingia ofisini kwa Mwalimu Fausta, nikabaki nimesimama.

"Mbona umevaa hivyo? Kuna msiba?"

"Mwalimu, nimekuja kutoa pole mapema."

"Pole ya nani?"

"Ya Mzee. Mwenye Mfuko."

Ikabidi nimweleze yote: ugonjwa wa moyo, barua moja siku moja, zile siku mia moja sitini na tano, na kwamba mwaka huu sikuziba pengo, kwa hiyo kama amefariki au anafariki wiki hii, nimemuua mimi kwa sababu ya yule msichana, na kwamba nimelifikiria sana na bado ningemchagua msichana. Alinisikiliza mpaka mwisho bila kucheka. Akavua miwani, akaifuta kwa ncha ya khanga, akaivaa tena.

"Anatoli, keti," akasema. "Huyo mzee alikufa kabla wewe hujaanza hata hiyo shule yako ya jioni. Aliacha mali yake isomeshe watoto, basi. Barua haijawahi kwenda kwake hata moja; makao makuu wakipiga simu wanataka idadi yake tu. Zimo kwenye kabati hilo nyuma yako, na ninayezisoma ni mimi, ili nijue nani amekosa nini."